Ngamia wa Aabo Katika Albamu Yako

Habaswein,
Kaunti ya Wajir.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa abaayo, dada yangu Ebla,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii inakukuta mzima, koo lako limepona, na unakula chakula badala ya kushindia chai. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Hooyo, mama yangu, anasumbuliwa na magoti, lakini bado anatushinda wote kwa kazi. Mvua haijaja. Mawingu hupita juu yetu kama wageni wasiotujua.

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu anayo Adeer Mohamedamin, kaka mkubwa wa baba yangu, Aabo, tangu mwezi uliopita. Anayekuletea barua hii ni Maka, jirani yetu, anayekuja huko Nairobi, Islii, kununua vitambaa vya duka lake.

Kwanza albamu yako, maana sijapata nafasi ya kukuambia. Niliisikiliza yote kabla simu haijachukuliwa, nikiwa nimejifunika shuka kama mgonjwa. Ile jenereta ya kisima, jinsi inavyokohoa kabla ya kushika, umeigeuza ngoma! Nilipokurekodia wimbo wa kunywesha ngamia mwezi wa Januari nilikuomba radhi kwa kelele zile, nawe ukaniambia nisisogee mbali nazo. Sasa nimeelewa. Sauti yangu umeivuta hadi ikawa nyembamba kama waya, ukaikata, ukaipanga upya juu ya vinanda vya kompyuta, hata mwenyewe sikujitambua mara ya kwanza. Mara ya pili nililia, na si kwa huzuni. Nilihisi kuna mtu aliyenisikia hadi ndani. Wimbo wa sita tu sikuupenda. Una haraka, kama mtu anayekimbia swali.

Wimbo wetu umeenea huku kuliko unavyodhani. Malori ya mifugo yakisimama madereva wanywe chai, unalia kutoka kila dirisha, kisha yanaondoka nao. Maryan mdogo wangu anasema unapigwa mpaka Mandera. Sauti yangu imefika Mandera, Ebla, na mimi sijafika sokoni.

Tulidhani mashine imenificha. Jina langu uliliacha nje kama nilivyokuomba, na sauti hakuna aliyeitambua. Waliotufichua ni ngamia. Wewe na wenzako studioni mliyachukua majina ya ngamia wetu niliyoyaita kisimani kama mapambo ya wimbo. Mimi nami sikufikiri, kwa kuwa nimeyaita maisha yangu yote. Siku moja Mzee Ogle alikuwa hotelini, wimbo ukapigwa, akaweka kikombe chini.

"Wallahi hao ni ngamia wa Abdijabar! Nani amewapeleka Nairobi?"

"Mzee, huo ni wimbo tu," mwenye hoteli akamwambia.

"Wimbo gani? Gorayo namjua, ana kovu mguuni. Na huyo Deero alishanipiga teke!"

Watu walicheka sana. Lakini kufikia swala ya alasiri kila mtu alijua wimbo umetoka nyumba gani, na Aabo hana mtoto wa kiume wa kusingiziwa. Ijumaa iliyofuata mahubiri yalihusu sauti za wanawake zinazouzwa pamoja na muziki. Shule ninakofundisha ikaniambia nipumzike nyumbani mpaka jambo hili liishe. Nimepumzika hadi nayajua mabati ya paa kwa madoa ya kutu.

Aabo ndiye aliyepata njia. Katika kikao cha wazee alisema kwamba siku hizi kompyuta inatengeneza sauti ya mtu asiyekuwepo. Kwamba wewe ulikulia hapa, unawajua ngamia wetu, ukaiambia mashine iwaimbe. Nyuso za wazee zikafunguka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuniadhibu. Adeer akasema, "Basi Ebla mwenyewe atuambie." Watakupigia Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, wote wakisikiliza. Ukisema ni mashine, narudi darasani na simu narudishiwa. Ukisema ni mimi, napelekwa Diff kukaa nyumbani kwa Adeer, chini ya macho yake.

Najua umekwisha kumwahidi Aabo kwamba utasema lolote litakaloniokoa. Wema wako huo ndio unaonitisha.

Katika wimbo yumo ngamia Barwaqo. Wewe humjui, wala usingeweza kuiambia mashine jina lake. Alizaliwa mvua za mwaka jana, na jina alipewa na Aabo mwenyewe, yeye aliyenifundisha kunywesha na kuimba, akisema ngamia hajali koo ni la nani. Kwa hiyo Aabo anajua. Mtu ambaye hajawahi kudanganya hata sokoni, amesimama mbele ya wenzake akadanganya kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo hanitazami. Juzi nilimpelekea chai. "Weka hapo, mwanangu," akasema, macho yakiwa mchangani.

Nimelipima jambo hili kila upande. Nikiokolewa hivyo, nitafundisha, pengine nitaolewa, na kila lori litakapopita nitatakiwa kusema siijui sauti ile. Diff ni mbali, lakini ina barabara ya kurudi. Uongo ule hauna.

Kwa hiyo wakikupigia, nakuomba usinihurumie. Waambie ni Sadia binti Abdijabar, aliimba kisimani mchana, ngamia wakinywa, na aliyemfundisha ni baba yake. Usilie wala usiombe msamaha. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia na Hooyo. Naogopa, Ebla, mwandiko wenyewe unakuonyesha. Lakini Aabo akiusikia ukweli kutoka kwako, hatalazimika kuulinda uongo huu mpaka kaburini. Labda atanitazama, hata kama ni kwa hasira.

Usipoweza, usipokee simu. Ila usiseme ni mashine.

Nisalimie sana mama yako, shangazi yangu Eedo Anab, na umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie pia kaka yako Kadar. Maryan bado anauringia mkoba aliomletea. Hooyo anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Mwenyezi Mungu akulinde jukwaani na njiani, na siku hiyo aupe ulimi wako nguvu.

Ni mimi, dada yako, na nakupenda,

Sadia Abdijabar