Jivu Jikoni kwa Domitila

KITUO CHA POLISI IFAKARA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kasmiri Ntiba Rugema
Umri: Miaka 38, kwa kukadiria
Kabila: Muha
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Kibarua
Makazi: Chumba cha nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara. Kwao ni Kasulu, Kigoma.
Tarehe: 17 Julai 1996, saa 3:15 asubuhi

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa na mtu. Koplo Hermenegildi amenieleza kwamba niseme ninayoyajua tu, na kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa ajili ya mama anayeitwa Domitila, ambaye alikamatwa jana kwa kuvunja nyumba. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Nyumba ni yake.

Nilitoka Kasulu mwaka 1990 kuja kukata miwa huko Kidatu. Mwaka jana nilijikata panga mguuni, mguu ukawa hauvumilii tena kusimama shambani kutwa, ndipo nikashuka huku Ifakara kutafuta vibarua. Napakia magunia mashineni, nachimba vyoo, napaka chokaa. Mke wangu yuko Kasulu. Tangu nitoke sijarudi.

Mnamo Jumatatu tarehe 8 Julai, asubuhi, alikuja mashineni mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Viktor, akasema ametoka Morogoro. Alivaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeupe, katika vumbi lile la pumba. Alisema anataka mtu wa kupaka chokaa na kubeba vitu. Njiani nikamuuliza kama yeye ni fundi. Akasema, "Fundi anajenga nyumba, mimi naivalisha. Mtu akitaka kuuza nyumba yake ananiita kwanza. Umewahi kuona bibi harusi anatolewa nje na nguo za shambani?" Alisema kazi hiyo ameifanya sana Dar es Salaam na Morogoro, kwa watu waliopunguzwa kazini wakauza nyumba zao. Zamani alikuwa akipamba kumbi za harusi.

Tulifika kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, ya bati, yenye baraza mbele na banda la jiko nyuma. Tulimkuta bwana mmoja anaitwa Kelestini, ambaye Viktor alisema ndiye mwenye nyumba. Kelestini alifungua kwa nondo, akasema ufunguo umepotea. Hilo niliona kwa macho yangu. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimefungwa, kwa sababu ni wakati wa mavuno na watu wamehamia mashambani, wanalala huko huko kwenye vibanda mpaka mpunga uishe. Jirani aliyebaki ni bibi mmoja, Oliva, ambaye haoni vizuri.

Ndani kulikuwa na vitu vya mwanamke. Kulikuwa na kanga kwenye kamba, sufuria, kinu na mchi, na kaniki nyeusi imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Viktor aliniambia nivikusanye vyote chumba cha kushoto. Kelestini akakifunga kwa kufuli mpya. Nilimuuliza, "Mzee, hivi vya nani?" Akasema, "Vya shemeji yangu. Amehama." Nilishuku, lakini sikuuliza zaidi. Kibarua anayeuliza sana hutafutiwa mwenzake asiyeuliza.

Siku tatu nilipaka chokaa nje na ndani. Viktor alileta makochi ya kuazima kutoka nyumba ya wageni, vitambaa vya kufuma, mapazia ya maua, na picha ya Bikira Maria ambayo aliitundika akashuka akaitazama akaipandisha tena mara nyingi, mpaka nikamwambia Bikira Maria atapata kizunguzungu. Alicheka. Sisemi alikuwa mtu mkali. Alinipa chai kila asubuhi.

Alhamisi tarehe 11 aliniambia nisafishe jiko. Kwenye mafiga kulikuwa na jivu jingi kuliko la nyumba ya watu wawili watatu. Lilikuwa limejaa katikati ya mafiga na kumwagikia pembeni, limeganda juu kama limepigwa na ukungu wa miezi, na hapakuwa na alama ya ufagio. Moto wa namna hiyo ni wa kupikia watu wengi. Kwetu pia jivu likiachwa hivyo, si uvivu wa mwenye nyumba. Nikamwambia Viktor, "Kaka, hapa palikuwa na msiba." Akasema, "Ndiyo maana nataka utoe. Mnunuzi akiona jiko lililokufa anahesabu na sisi tumekufa. Zoa, tupa mtaroni, piga mafiga chokaa."

Nilizoa. Kulitupa nilishindwa. Nilitia kwenye debe, nikafunika kwa kipande cha bati na tofali juu, nikaliweka nyuma ya migomba. Viktor sikumwambia. Chini ya jivu lile kulikuwa na kijiko kimoja cha mbao kimeungua nusu, nacho nilikitia humo humo.

Ijumaa Viktor alisema nyumba bado haijakamilika kwa sababu haina watu. Alisema, "Watu hawanunui tofali, Kigoma. Wananunua kitunguu kinachokaangwa." Kigoma ndilo jina alilokuwa akiniita. Alimleta dada anaitwa Devota, mama lishe wa sokoni, akasema yeye awe mke na mimi niwe mume, tuonekane wapangaji wa siku nyingi, ili mnunuzi asiulize kwa nini nyumba ni tupu. Devota alinitazama kuanzia kichwani mpaka mguu mbovu, akasema, "Hukuwa na mwingine?" Kelestini alinipa shati jeupe, akanionyesha kiti cha uvivu barazani. Akasema nikae hapo, nisiongee sana.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa nne asubuhi, walifika wazee wawili kutoka Kidatu, mzee Melkiori aliyestaafu kazi ya miwa na mkewe mama Tekla. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia vizuri. Devota alikuwa ameshabandika maharage na kukaanga kitunguu kwenye jiko la mkaa. Mama Tekla akaomba maji ya kunywa. Devota akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba kile cha kushoto, akavuta kufuli. Mimi nikasema, "Mke wangu, hicho kimekwama tangu mvua, maji yako huku."

Neno hilo, "mke wangu", sikuwa nimelitamka kwa miaka sita. Lilitoka bila shida.

Mama Tekla alicheka sana. "Mwanamke hajui mlango wake!"

Devota akajibu, "Mama, huyu bwana kila siku anahamisha vitu. Juzi nusura nilale kabatini."

Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Kisha mama Tekla akaingia jikoni, akatoka akasema, "Mwanangu, mafiga meupe hivi? Mnakula hotelini?" Viktor akadakia kwamba ni usafi tu wa kupokea wageni. Mzee Melkiori alikuwa amekaa barazani karibu nami. Aliniambia, "Nimelala nyumba za kambi tangu ujana wangu. Nataka ukuta ambao nikipigilia msumari hakuna wa kuniuliza." Niliona haya, nikatazama chini. Walikubaliana na Kelestini wakutane Jumanne kuandikishana.

Nasema ukweli kwamba Jumapili nililala kwenye ile nyumba, kwa amri ya Viktor, nikapenda kulala pale. Devota alirudi kwake. Asubuhi nilifagia uwanja bila kuambiwa.

Mnamo Jumanne tarehe 16 Julai, ambayo ni jana, walikuwepo Kelestini, Viktor, mzee Melkiori, mama Tekla, Devota na mimi. Tulikuwa barazani, viti vimepangwa. Saa tano kasoro alikuja mama mmoja amebeba kiroba cha mpunga kichwani, miguu ina tope kavu la mbugani mpaka magotini. Sikuwa namjua. Alisimama akatutazama sote, kisha uso wake ukafunguka.

Akasema, "Jamani, mmeshafika? Nani aliwaambia naja leo?"

Akamgeukia mama Tekla, akapiga goti kidogo, akamwamkia, akasema, "Asanteni kwa kunishika mkono, mama. Mpunga mpya ndio huu, nimeuvuna mwenyewe. Ngoja nitwange kidogo, tule, tumalize." Akatua kiroba barazani, akapita katikati yetu kwenda jikoni.

Alidhani sisi ni watu waliokuja kumaliza msiba wa mume wake, Vitus.

Viktor alisema kwa sauti ya chini, "Kelestini, huyu ni nani?" Namwamini Viktor hapo, uso wake uliisha rangi.

Kule jikoni tukamsikia akisema, si kwa kupiga kelele, "Jivu liko wapi?" Akatoka, mikono yake ina chokaa ya mafiga. "Shemeji Kelestini, jivu la msiba wa kaka yako liko wapi?"

Kelestini akasema, "Shemeji, usitie aibu mbele ya wageni."

"Wageni wa nani? Hicho kiti cha Vitus. Hilo shati la Vitus, nimelishona mimi kifungo cha juu." Alikuwa ananionyesha mimi. Niligusa kifungo. Kilikuwa na uzi wa bluu, na vingine vina uzi mweupe. Nikainuka kutoka kwenye kile kiti.

Alichukua shoka nyuma ya jiko, akapiga kufuli ya chumba cha kushoto mpaka ikaachia. Hakumtishia mtu, shoka aliliacha pale mlangoni. Alitoka amevaa ile kaniki nyeusi, akakaa chini kando ya kiroba chake. Mzee Melkiori akamwambia mkewe, "Mama, inuka. Mimi sinunui nyumba yenye mwenyewe." Wakaondoka. Viktor alikusanya vitambaa vyake vya kufuma, akaelekea stendi kwenye mabasi ya Mikumi. Sijamwona tena.

Kelestini aliita polisi. Mbele ya askari alisema kwamba nyumba ni ya ukoo, kwamba matanga yaliondolewa tangu Pasaka, jivu likazolewa mbele ya wazee, na shemeji yake akahama kwa hiari yake, na sasa amekuja kuvunja. Mama Domitila akasema, "Yaulizeni mafiga." Askari alipoangalia jikoni alikuta mafiga meupe, masafi. Nilitaka kusema. Kelestini alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, akaninong'oneza, "Wewe umepanga hapa tangu Pasaka, ulikuta jiko safi. Ukisema vingine, wewe ni mtu wa kuja, nani atakusikia?" Nikanyamaza. Mama Domitila alipokuwa akichukuliwa alinipita karibu, akaniambia, "Baba, hata jina lako silijui."

Walipoondoka, bibi Oliva aliniita kwenye ua wake. Aliuliza, "Ninyi ndio mliokuwa mnapika kwa Domitila?" Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba Vitus alifariki mwezi wa pili. Akasema katika ukoo wao jivu la msiba halitoki jikoni mpaka mjane avune mpunga mpya, aupike kwenye mafiga yale yale, ukoo mzima upate kula, ndipo azoe mwenyewe. Siku hiyo ndipo wazee hukaa kuzungumza habari ya nyumba. Kabla ya hapo hakuna wa kugusa hata mlango. Mjane alikwenda mashambani Michenga kuvuna kwa ajili hiyo. Bibi alisema, "Macho yangu ni mabovu, pua sijambo. Tangu msiba jiko lile halijanuka moto mpaka mlipokuja ninyi na vitunguu vyenu." Mimi si mtu wa huku, mila hiyo siijui. Nasema nilichoambiwa, na bibi Oliva yupo, anaweza kuulizwa.

Ninachokijua mwenyewe ni hiki. Kelestini anasema jivu lilizolewa Pasaka. Si kweli. Jivu nililizoa mimi, Alhamisi tarehe 11 Julai, mchana, kwa koleo la mashineni. Ninalo. Nimelileta leo kwenye debe, limefunikwa kwa bati kama nilivyoliweka, na kijiko kilichoungua kimo ndani. Shati nalo nimelivua, nimelifua, liko hapa.

Kiroba cha mpunga nimekiingiza ndani kwa sababu kuku walikuwa wameanza kukitoboa. Hakijapungua. Sitarudi kulala pale.

Ombi langu ni moja, debe lisimwagwe na mtu mwingine yeyote.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili. Ndivyo nilivyosema na ndivyo nilivyoona, sina la kupunguza.

Sahihi: K. Ntiba

MAELEZO YA ASKARI
Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, na shahidi ameweka sahihi mbele yangu saa 5:10 asubuhi. Nimepokea kwake debe moja la jivu lenye kijiko cha mbao kilichoungua, na shati jeupe moja, kifungo cha juu kina uzi wa bluu. Mtuhumiwa Domitila ameonyeshwa vitu hivyo mbele ya Mkuu wa Kituo. Shati hakulitazama. Alifunua debe, akakitambua kijiko kuwa chake, akafunika tena kwa mikono miwili. Aliuliza jina la shahidi, nikamtajia. Mkuu wa Kituo ameagiza mtuhumiwa apewe dhamana leo, Kelestini aitwe ahojiwe upya, na jiko la nyumba hiyo lisipikiwe na mtu hadi mama huyo atakapofika na mpunga wake.

Kpl. Hermenegildi