Flaneli ya Njano

4 Machi

Dada mpenzi,

...na ndiyo, kabla hujauliza tena, ananipenda! Ananipenda hata nikiunguza chai, na wewe unajua mimi naweza kuunguza chai. Hujambo lakini? Shemeji je? Na huyo aliye tumboni, bado anakupiga mateke ukikaa kwenye cherehani? Harusi ilipendeza, ila kiti chako kilinitazama siku nzima. Huyo daktari wako aliyekukataza kusafiri nitamnunia mpaka mtoto aanze shule.

Sisi wazima, tumenenepa kwa raha. Mume wangu (ngoja niandike tena: mume wangu) ameleta kazi nyumbani. Maabara ya chuo inapakwa rangi, kwa hiyo beseni la mayai ya salamanda limehamia jikoni kwetu, chini ya dirisha. Salamanda ni ndugu wa chura aliyekataa kuacha mkia. Mayai yamo ndani ya ute mzito kama wanga uliopoa, na kila yai ni la kijani! Nikasema, "Haya yameoza, nimwage?" Mwenzangu akacheka mpaka akaketi sakafuni.

Kumbe ule ukijani ni mwani, mdogo mno, unaishi ndani ya yai pamoja na kiinitete. Nimeuona kwa hadubini. Mwani unampa mtoto oksijeni, na mtoto anaulisha kwa taka zake. Nikamwambia, "Basi hiyo ni ndoa!" Akasema, "Na taka ni za nani?" Nikamrushia taulo.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya mteja, nikacheka, akadhani naicheka suruali yake. Shemeji yako hajambo, anawasalimu wote wawili. Mimi naendelea. Simu bado mbovu, kwa hiyo endelea kuandika.

Umeniuliza mengi, mengine nitayajibu siku nyingine. Usimwage kitu cha mume bila kuuliza, hata kiwe cha kijani.

Nimekutumia kipande cha flaneli ya njano, kimezidi hapa. Kifanyie chochote, hata pazia. Usikirudishe.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpenzi,

Hujambo mama kijacho? Flaneli imefika! Laini kama shavu, na kingo umezipinda kwa mkono. Mwenzangu aliposhika tu akasema, "Dada yako anatutumia ujumbe." Nikaona haya, nikafurahi. Lakini wewe ukigawa vitu vizuri hivi, wako atafunikwa nini? Si ni mwezi huu? Niandikie umeshamchagulia jina gani.

Mume wangu amekwenda kwenye mafunzo wiki nzima, ndiyo nimejua kitanda kinaweza kuwa kikubwa. Ameniachia mayai. Alisema niyaangalie tu. Ungeyaona! Vitoto vimeanza kujikunja, vina macho kama vichwa vya pini. Baridi imeingia huku, na dirisha lile linapitisha upepo, basi nimelifunika beseni kwa flaneli yako, nimeikunja mara mbili. Sifunui, nisije nikawaamsha. Kila nikipita nasema, "Laleni."

Nadhani nitakuwa mama mzuri, Dada.

Mdogo wako

11 Aprili

Dada,

Salamu nyingi. Hujanijibu, nimejiambia umejifungua na mikono yako imejaa.

Mayai yamekufa. Yote. Mume wangu aliporudi alifunua flaneli. Ukijani ulikuwa umefifia, na juu ya mayai kulikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Akaniambia polepole kwamba mwani hutengeneza oksijeni kwenye mwanga, gizani hauwezi. Vitoto vilikosa pumzi. "Ulitaka kuwakinga," alisema, "ukawafungia mwanga." Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu.

Nimelia utadhani nimefiwa. Nipe habari za mtoto wako, nipate kucheka tena.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na leo sisemi naendelea.

Mtoto hayupo. Alikuwa wa kike. Alizaliwa ameshafariki, usiku wa kuamkia harusi yako. Wakati mnavishana pete nilikuwa wodini nimegeukia ukuta, na shemeji yako yuko mlangoni na simu, anawaambia watu daktari amenikataza kusafiri. Nilimwapisha. Nilisema, huyu nimemlea tangu mama afariki, hatavaa gauni nililomshonea mimi huku analia.

Simu si mbovu. Niliizima, sauti ingeniumbua.

Flaneli ilikuwa yake. Nilishindwa kukaa nayo, nikashindwa kuitupa. Usijilaumu. Ulipoandika kwamba unapita unasema "Laleni", nilifurahi kwamba kuna vitoto vinalala chini yake.

Lile neno la mume wako nimelisoma nikaiweka barua chini. Na mimi nilidhani nakukinga. Hapa hakuna anayemtaja mtoto wangu. Wanapita kando ya kitanda chake kidogo kama si kitanda. Wewe peke yako uliuliza habari zake, kila barua. Iliniuma, na kila barua nilisubiri uulize.

Dada yako

3 Mei

Dada yangu,

Sikuulizi hali, naijua. Kumbe nilikuwa nacheza na wewe unamlilia mwanao peke yako kwenye cherehani.

Mume wangu alinisomea barua yako mara ya pili, mimi sikuweza. Alipomaliza alitoka nje bila viatu. Beseni tumelirudisha chuoni, tupu. Flaneli nimeifua kwa mkono na kuianika dirishani, pale jua linapopiga.

Ulisema nisiirudishe. Naileta. Sitakupa, nitakaa nayo mapajani mpaka uitake mwenyewe. Na nitauliza tena, Dada, nitauliza kila kitu: alifanana na nani, nywele alikuwa nazo, ulimchagulia jina gani. Usinijibu kwa barua. Hicho kitanda kisiguswe na mtu kabla sijakiona.

Washa simu. Mume wangu ameshaomba ruhusa kazini, tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako