Nilichoficha Kuhusu Usiku wa Vimondo

Al-Mahjar, Jeddah
11 Januari 2026

Mpendwa mpwa wangu Damaris,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba miguu ya mama mkwe wako imepungua kuvimba. Watoto wameshafungua shule? Mimi sitakuficha hali yangu: ini limeshindwa, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Solomon, dereva ninayeishi naye chumba kimoja, hunipikia uji na kunigeuza kitandani. Mkono bado unaandika.

Uliniambia Josphat amerudi nyumbani, akaja kukupa pole ya mama yako, nawe ukamfungia mlango. Tena kaka yako Fred alimtukana mbele ya kanisa: "Wewe uliyemwacha mama yetu afe barabarani!" Damaris, aliyemwacha ni mimi.

Unajua desturi yetu: aliyekuwa na marehemu mwishoni ndiye husimama mazishini kueleza alivyokufa. Mimi nilituma sauti kwa simu, mkaiweka kwenye kipaza sauti, nikasema Josphat aliahidi kuleta gari asilete. Nilidanganya mbele ya jeneza la dada yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Usiku mmoja wa Desemba ya 2023, mama yako Roselyne alinipigia kutoka ile nyumba ya mapumziko nje ya Riyadh alikofanya kazi. Kifua kilikuwa kikimbana tangu asubuhi, na madam alimpa Panadol akamwambia halas, basi, lala. Nilimwarifu Josphat, dereva mwenzangu, kisha nikaenda na gari la kafili wangu, tajiri aliyenileta huku kazini, nikamtoa mama yako kwa mlango wa jikoni. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ilikuwa imekwisha miezi minne, na yeye, kwa kutoka bila ruhusa, sasa alihesabiwa mtoro. Mbele nikaona taa za polisi wakikagua magari. Nikaacha lami, nikaingia jangwani, nikazima taa ili tungoje waondoke.

Josphat akapiga simu. "Mzee, pita tu! Wakushike, lakini Mama Damaris afike hospitali. Ama niambie mko wapi, nakuja." Nikakata. Alipopiga tena nikaizima kabisa, nikihofia mwanga wake ungeonekana barabarani.

Ndipo vimondo vikaanza. Kila nilipoinua macho, kingine kilipita juu yetu, vingine vyeupe, kimoja cha kijani kilichoacha mstari uliokaa kidogo kabla ya kufutika. Mama yako alilala kiti cha nyuma, dirisha wazi, blanketi hadi kidevuni. Nikaanza kumweleza, kama nilivyowaeleza wanafunzi nilipokuwa mwalimu huko nyumbani, kwamba hizo si nyota, ni vumbi linaloungua likiingia hewani kwetu.

"Mwalimu, hata hapa unafundisha?" akasema, akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Zinaangukia wapi?"

"Haziangukii popote. Zinaisha njiani."

Baadaye akasema, "Elphas, twende. Naumwa." Nikamwambia bado kidogo. Niliendelea kutazama juu. Mungu anisamehe, nilishukuru kupata kitu cha kutazama badala ya uso wake.

Polisi waliondoka karibu na alfajiri. Nilipogeuka kumwambia, hakujibu. Mkono wake ulikuwa baridi, na sijui alikufa saa ngapi.

Hospitalini nilikompeleka hakuna aliyeniuliza ikama. Hata mmoja.

Josphat amenyamaza miaka miwili. Nadhani alingoja niseme mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mzee wake.

Sikuombi unisamehe. Ita watu nyumbani, Fred asome barua hii kwa sauti, Josphat awepo. Najua unanipenda, na waweza kuiweka sandukuni ili nizikwe na jina safi. Kwa hiyo nikimaliza, Solomon atapiga picha kurasa hizi na kumtumia Josphat kwanza. Atakuwa ameshazisoma utakapomfungulia mlango.

Nisalimie Fred na mkewe Ivy, na mama yenu mdogo Selipher. Mungu awafunike, awape usingizi ambao mimi nimeukosa.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata baada ya haya,

Elphas