Ile Kanda ya Wakorea Uliyoisimamisha Katikati

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa hapa Lodwar, na joto la huku unalijua, halina adabu. Mama amekuja kukaa nasi tangu tulipokuzika Kitale. Ni mzima, ila analalamika kwamba chai ya huku haina maziwa ya maana. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu mazishi yako.

Baba mdogo ndiye aliyelianzisha. Tulikuwa tumekaa nje baada ya watu kutawanyika, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kaka alizungukwa. Walimwekea video huko Kakuma, wakamchukua binti bila ukoo kujua." Mume wangu Majok alikuwa ameketi papo hapo. Akashika kikombe chake, akatazama chini. Tangu siku hiyo sina amani, Baba. Usingizi wenyewe ni wa kuibia. Najiuliza kama mume wangu ulimkubali kwa moyo wako, au uliona haya tu mbele ya wateja wako wa video.

Unakumbuka zile kanda za video zilivyotufikia? Muuguzi Mkorea aliyekuwa akitibu majeruhi wa vita kule Loki, karibu na mpaka wa Sudan, alirudi kwao akaacha kasha zima la kanda. Dereva mmoja wa lori akakuletea wewe, maana hapo Kakuma mjini wewe ndiye uliyekuwa na televisheni, deki na jenereta. Sote tulidhani ni karate. Watu wakajaa kwenye ule ukumbi wetu wa mabati kando ya laga, ule mto mkavu, wakingoja mateke, kumbe ni msichana na kijana wanagombania mwavuli.

Hakuna aliyejua neno hata moja la Kikorea, na wewe ukiwa wa kwanza. Lakini watu walikuwa wameshakaa, na nje jua lilikuwa linachoma. Ukavuta kiti karibu na televisheni, ukaanza kuwasemea. Msichana ukamwita Akiru, kijana ukamwita Joseph. Joseph alikuwa mtu wa kupeleka vyakula kwa baiskeli, Akiru binti wa tajiri mwenye kiwanda, na kila walipokutana lazima mmoja amwagiwe supu. Kila mtu alijua unatunga, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa uliposahau mifugo.

Mzee Ekai, yule mfugaji aliyekuwa akija kutoka upande wa Kalobeyei kila Jumamosi na kigoda chake, hakukupa nafasi.

"Hii kijana ametoa mbuzi ngapi?"

"Bado, Mzee. Anatafuta."

"Basi aache kushika mkono ya msichana!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kuanzia hapo ukawa huna budi. Joseph akipiga simu, anauliza bei ya mbuzi Lokichar. Joseph akipanda basi, anaenda kukagua ngamia. Siku moja alionekana analia kwenye mvua, ukatuambia fisi ameingia zizini. Akina mama wa Kiturkana walisikitika kwelikweli.

Nami nilicheka, lakini kwa nusu ya mdomo. Nilikuwa pale mlangoni na birika la chai, na kwenye benchi la pembeni alikuwa ameketi Majok, mwalimu wa shule ya kambi ya wakimbizi. Mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana kuoana, na wewe hukuwa unajua. Ndivyo nilivyodhani.

Sikuogopa kwamba yeye ni Mdinka na sisi ni Wabukusu. Ulikuwa umekaa na watu wa kila namna, hilo lisingekushtua. Niliogopa kwamba hana watu. Vita vilimmalizia ukoo wake kule Sudan, akafika Kakuma akiwa na shati alilovaa. Na kwetu mwanamume haji kuomba binti peke yake kama mtu anayekuja kununua sukari. Nilikuwa nikisikia sauti yako kichwani kabla hujasema: "Wazee wake wako wapi?" Kila Jumamosi nilimwambia Majok leo nitamwambia Baba, na kila Jumamosi niliishia kumimina chai.

Halafu ikaja ile kanda ya mwisho. Joseph akaenda nyumbani kwa kina Akiru, akapiga magoti mbele ya baba yake. Peke yake. Wewe ukaacha kuwasemea. Midomo ya Wakorea ikawa inacheza tu. Kisha ukanyoosha mkono, ukaisimamisha kanda. Picha ikabaki inatetemeka.

"Huyu kijana amekuja peke yake," ukasema. "Mimi nikiwa baba ya Akiru siwezi ongea na mtu peke yake. Nani anaenda na yeye?"

Nilijua umeshagundua, na sasa unataka kumwaibisha Majok mbele ya Kakuma nzima. Nilitamani jenereta izime. Mtu alikohoa, benchi likalia. Majok alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mimi iko," Mzee Ekai akasema hatimaye. "Lakini mbuzi lazima."

Watu wakacheka. Abdi wa bucha naye akainua mkono: "Wallahi, hata mimi naenda na yeye." Halafu kule nyuma kabisa akasimama Katekista Yohana. Yohana alikuwa Mnuer, na majuma machache nyuma Wanuer na Wadinka walikuwa wamepigana kambini hadi watu wakalazwa. Akasema, "Kijana hana mtu. Mimi nitakuwa mjomba wake."

Hapo hakuna aliyecheka. Majok alitoka nje akaenda kusimama kwenye laga, na wewe ukabonyeza deki ukaendelea kusema kana kwamba hakuna lililotokea.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, wale watatu wakaja nyumbani na Majok katikati yao, na mbuzi wa Mzee Ekai mbele. Ukaniita sebuleni kama desturi inavyotaka, binti mwenyewe aseme kama anakubali.

"Naliaka, hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Wameleta vitu vyao. Nikule?"

"Kula, Baba."

Ukala. Lakini ulikula kimya, uso wako ukiwa hausomeki, na ndio uso huo ulionirudia baba mdogo alipofungua mdomo wake. Nikasema moyoni, huenda ni kweli. Huenda watu walisimama kwa mzaha, nawe ukashindwa kurudi nyuma.

Juzi tulikuwa tunachambua maharagwe, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Mama. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Kwani hujui baba yako alikuwa anaangalia kila kanda kwanza? Mchana, kabla hajafungua ukumbi. Angesemaje bila kujua mbele kuna nini? Hiyo ya mwisho aliirudisha na kuirudisha, hapo tu kijana anapiga magoti. Akaniambia, 'Mama Naliaka, yule mwalimu wa Naliaka hana mtu. Nikisimamisha hapa niulize, kuna mtu atainuka?' Nikamwambia sijui. Siku hiyo chakula kilimshinda."

Maharagwe niliyaacha hapo hapo.

Mama anasema alikuwa ameketi nyuma yako siku ile, na hukuondoa kidole kwenye kitufe cha deki, tayari kuiendeleza kanda, mpaka Mzee Ekai alipojibu. Mimi mlangoni nilikuwa nakuogopa wewe, kumbe wewe unaogopa pamoja nami. Ningejua, Baba, ningeliweka birika chini nije nikae karibu nawe.

Mwezi ujao tunakwenda Kitale, mimi na Majok, na nitamwambia baba mdogo mbele ya watu walewale. Bado naogopa, mdomo wake unaujua. Lakini nitamwambia kwamba hakuna aliyekuzunguka. Wewe ndiye uliyetuzunguka sote.

Pumzika, Baba. Mkwe wako anakusalimu.

Ni mimi binti yako,
Naliaka