Nilimjibia Jovina

Kaniha, Biharamulo
14 Julai

Dada yangu Eustakia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ngara, na mguu umepoa kiasi cha kwenda misa bila fimbo. Sisi tuna uzima. Maharage tumeshapiga. Mwanao Jovina amerudisha mwili, juzi alilima hadi mchana. Ningepiga simu, ila jambo hili kwa simu ningelikatisha njiani.

Unajua mwaka jana zahanati ilinichagua niandikishe wajawazito kwenye ule mpango wa meseji za afya. Kuwaandikisha hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwabakiza. Simu ni ya mume, mume yuko Nyakanazi anapakia malori, laini inabadilishwa bila kuambiwa mtu. Wengine walinicheka, wakauliza kama hizo meseji zinapalilia. Kila kikao cha zahanati jina langu lilisomwa mwisho. Niliona aibu, dada.

Abeli, mume wa Jovina, alipobadili laini, nilitakiwa nifuate namba mpya. Mimi nikaweka namba yangu ya pili. Nilijiambia ni kwa muda tu, mimi ni mjomba wake, nitamsomea. Na kweli mwanzoni nilimsomea, akawa ananicheka ninavyosoma habari za kunyonyesha huku nimeangalia migomba. Yakaja mavuno ya mwezi wa kwanza, nikawa namjibia tu.

Siku moja meseji iliuliza kama mama anaumwa kichwa sana, anaona ukungu, au amevimba uso. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Nilikuwa nashona gunia. Nikabonyeza mbili, nikaendelea kushona. Jovina sikuwa nimemwona siku tisa.

Siku ya nne akaanguka kwa kifafa cha mimba. Pikipiki ikamwahisha hospitali, yeye akapona, mtoto tukamkosa.

Wewe ulisikia ni dawa za kienyeji za mkwe wake, mama Felisita. Ulimwita mchawi mbele ya waombolezaji, ukasema hutakanyaga tena kwake. Mimi nilikuwa pale nimeshika jembe, nikanyamaza. Dada, hakumpa dawa yoyote. Alimsihi aende zahanati. Jovina ndiye aliyemjibu kwamba kungekuwa na shida, meseji ingekuja na mjomba angemwambia.

Wiki iliyopita nilimweleza muuguzi Agness. Alisema, "Asiyejibu wiki mbili tunamfuata nyumbani kwake. Huyu wewe ulimjibia." Daftari la kuandikishia amelichukua, na ni haki.

Kisha nikaenda kwa akina Jovina, nikawaeleza. Abeli alitoka nje, mpaka leo hajanisemesha. Jovina aliniuliza kama mama yake anajua. Nikasema bado. Mama Felisita alinipa kiti, akasema amebeba jina la mchawi miezi sita, na hawezi kulivua mwenyewe, maana aliyempa ni wewe.

Ndiyo sababu nakuandikia. Msamaha wangu sikuombi leo, utakuja ukija. Nakuomba upande basi ukamwone yule mama. Usishukie kwangu kwanza. Na ukishindwa pa kuanzia, mpe barua hii asome mbele yako.

Nisalimie shemeji Aristides na watoto, na kanisani wote wanaoniulizia. Mke wangu Suzan anakuamkia. Yeye naye nimemwambia.

Ni mimi mdogo wako niliyekosa,
Novatus