Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Meno

Jumatatu, 7 Juni 1965

Kliniki ya sukari. Mvua tangu alfajiri, basi la Busia limechelewa. Nimechemsha vyombo, nimepanga chupa za mkojo. Mkojo tunauchanganya na dawa ya buluu na kuuchemsha. Ukibaki buluu, heri. Ukiwa mwekundu kama tofali, sukari imezidi. Leo ni matofali tu.

Utafiti wa Daktari Fernandes unaendelea vizuri. Wagonjwa wote ni wa sukari, na wote wana fizi zinazotoa usaha. Wote wanachomwa insulini. Wanaokubali, tunawasafisha meno na kung'oa yaliyooza. Anataka kuona kama mdomo ukipona na sukari itashuka. Yeye ni Mgoa wa Mombasa. Kisamia na Kidhopadhola, lugha za huku, hajui hata salamu. Mimi ndiye ninayeshika taa, ninayefungua midomo, ninayetafsiri. Kazi naipenda.

Mwanamke wa Kirewa tumemng'oa magego mawili. Alitema damu, akaniambia sasa atakula mihogo kwa amani.

Jumatatu, 14 Juni

Mama mkwe ameingia kliniki.

Sikujua kama atakuja. Nabwire, mke wangu, aliniambia tu kwamba mama yake ana kiu isiyoisha na amekonda. Kumbe zahanati ya Busia imempima ikamleta kwetu. Nimeinua macho, yeye huyo mlangoni. Akajifunika leso usoni, akageukia ukuta. Mimi nikageukia kabati.

Kwetu Wasamia mtu hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Hamtazami usoni. Na mimi kazi yangu ni kutia vidole mdomoni.

Sista alimpima. Mkojo mwekundu. Daktari akatazama fizi kwa mbali, maana mama alifungua mdomo kidogo tu, akaniambia, "Muulize kama anakubali tumtibu mdomo."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Sikumuuliza. Nilisema, "Anakataa, Daktari."

Basi atapata sindano tu, kila asubuhi kwenye zahanati ya kwao, na Jumatatu atakuja kupimwa.

Niliona nafuu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 20 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nabwire alikwenda kumwona mama yake ng'ambo ya mpaka, amerudi na uso mzito. Mama hatafuni. Anakunywa uji tu, tena wa baridi. Nabwire akauliza, "Nyinyi si mnatibu meno huko? Mbona yake hamkutibu?"

Nikasema ni mambo ya utafiti, wagonjwa wamegawanywa.

"Nimemuuliza yeye, ananyamaza," akasema.

Nikatoka nje kutazama kuku. Kuku hawakuwa na shida yoyote.

Jumatatu, 21 Juni

Mkojo wa mama mkwe mwekundu tena. Anachomwa kila siku na sukari haishuki. Daktari ameongeza dawa. Amesema sindano peke yake haitoshi, usaha ule unapandisha sukari, na sukari nayo inalisha usaha. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, leso usoni. Shavu la kushoto limevimba, hata kwa kuibia niliona.

"Mbembeleze," akaniambia Daktari. "Mwambie hatutamuumiza."

Nilimwendea, nikasimama upande, macho chini. Nikatamka kwa Kisamia maneno ya salamu. Salamu tu. Aliitika polepole. Nikarudi nikasema, "Amesema hapana."

Mara ya kwanza nilishtuka. Leo nilipanga. Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 25 Juni

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Saa nne shemeji, kaka yake Nabwire, alimfikisha mama mkwe. Kutoka kwao hadi stendi ya Busia alimbeba kwenye keria ya baiskeli, amemfunga kwa kitenge mgongoni kwake asianguke. Taya limefura hadi shingoni. Anapumua kwa nguvu, pumzi inanuka kama ndizi zilizoiva mno. Haya nimeyaona kwa wengine. Baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Insulini, maji ya mshipani. Daktari akasema, "Jipu la jino lazima lipasuliwe sasa hivi. Mwanawe atie sahihi, mama mwenyewe alikataa."

Shemeji alikuwa amesimama pale pale. "Alikataa lini?" akauliza.

Nikasema. Mbele ya wote wawili. Kwamba sikumuuliza. Kwamba ni mama mkwe wangu. Nilidhani Daktari atafoka. Hakufoka. Alikaa kitini.

"Ungeniambia ni mkwe wako, Ouma. Ningemtafuta mtu mwingine. Ni hilo tu."

Ni hilo tu. Sentensi moja ingetosha.

Sista anayejua Kisamia alikuwa zamu ya wodi ya wazazi, uzazi mgumu, haachi. Shemeji alijaribu kushika taa, kila mara akageuza uso. Nikabaki mimi. Nilipiga magoti kando ya kile kiti, nikamwambia kwa Kisamia kwamba ni mimi, na kwamba nitamfunika macho. Akasema, "Funika." Nikamfunga leso yake machoni. Kisha nikafungua mdomo wa mama mkwe.

Usaha ulijaa kikombe. Meno matatu yalitoka karibu bila koleo. Alishika mkono wangu wakati mmoja, kwa nguvu, halafu akakumbuka, akauachia.

Jumamosi, 26 Juni

Mama mkwe amelazwa. Yuko hai, hasemi. Shemeji alipita karibu nami kwenye baraza la wodi bila kunisalimu. Sawa.

Jumanne, 29 Juni

Mkojo wake kwenye dawa umekuwa wa njano, si mwekundu tena. Homa imekwisha. Anakunywa maziwa.

Nabwire alikwisha kuelezwa na kaka yake, lakini nilitaka asikie kwangu. Nilimweleza yote, na ile mara ya pili nikaisema vilevile. Alikuwa anachambua mtama. Akaendelea mpaka ungo ukaisha. Akachukua mkeka wake, akaenda kulala kwa watoto.

Alhamisi, 1 Julai

Daktari ameniita ofisini. Mama mkwe ametolewa kwenye utafiti, matokeo yake yangepotosha mengine. Hilo nililijua. Halafu akauliza, "Wengine ni wangapi uliowajibia?"

Nikasema hakuna. Ni kweli. Lakini nilijisikia ninavyosema, na sauti ilikuwa ile ile niliyosemea uongo.

Wagonjwa wote wataulizwa upya, na Sista ndiye atakayetafsiri. Hata yule wa Kirewa. Hata wazee wa Mwello ambao nilikaa nao nusu siku nikiwaeleza. Mimi nitachemsha vyombo.

Jumapili, 4 Julai

Nabwire amerudi kutoka wodini, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama alikusikia," akasema. "Siku ile ya kwanza. Alisikia ukisema anakataa."

Nikasema haiwezekani, tulisema Kiswahili.

Akanijibu, "Mama ameuza samaki mpakani tangu mimi mtoto. Unadhani anawauzia watu kwa Kisamia?"

Sikujua. Miaka yote ya ndoa sijui mama wa mke wangu anasema lugha gani. Hiyo nikaiita heshima.

Nabwire alisema mama alinyamaza kwa sababu kama angenikanusha, mkwe wake angeumbuka mbele ya mkubwa wake wa kazi. Akaona afadhali avumilie jino. Mara ya pili vilevile.

Alinifunika mimi. Karibu afe akinifunika.

Nilikaa uani mpaka jua likazama. Nabwire aliniletea chai, akaiweka chini, hakukaa. Lakini aliileta.

Jumatatu, 5 Julai

Kliniki. Leo mama mkwe ameruhusiwa kwenda nyumbani, akapitishwa kwanza kwetu. Nimejitoa chumbani mapema, nimesimama nyuma ya mlango wa stoo nikipangusa vioo.

Daktari akamwambia Sista aulize kuhusu meno yaliyobaki. Sista hakupata nafasi ya kufungua kinywa. Nikasikia sauti nisiyoizoea, nzito kidogo kwa sababu ya yale meno yaliyotoka.

"Daktari, mimi nakubali. Hii ingine ya chini nauma pia. Toa. Lakini kijana ile asifukuzwe kazi, nakuomba."

Daktari akajibu kitu, polepole, sikukisikia.

Walimsafisha. Hakulia. Dirishani nilimwona akivuka uwanja na Nabwire, leso mabegani, uso wazi. Nilirudi nyuma hatua moja asinione. Vyombo vilikuwa vimeanza kuchemka.