Baraka Hutangulia

Basotu, shamba la ngano
11 Machi 1984

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na mgongo wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vumbi la kulima limetuingia mpaka kwenye chai.

Baba, nina neno, naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua. Ile redio kaseti aliyoniachia fundi Mzungu alipokwenda kwao, mimi siitumii kwa muziki. Narekodi nayo. Nimenasa kombaini ikiwashwa asubuhi, upepo ndani ya ngano, wanawake wakipepeta masazo ya mavuno. Nazipanga sauti mpaka zinakuwa habari. Sasa kuna chuo cha sanaa kinachukua watu kumi nchi nzima. Wanataka kaseti ya kazi yako, na kurasa nne za kueleza ulivyopata kuwa msanii na chombo chako kimekufundisha nini. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Nikikosa, nitahesabu magunia katika stoo hii mpaka meno yaishe.

Kurasa ndizo zimenishinda. Nimeandika "Mimi Philomena nilizaliwa Masieda" mara sita, kisha kalamu inagoma. Nilianza lini, baba? Wewe ndiye uliyekuwa unanitazama.

Ni mimi binti yako,
Philomena

Masieda
2 Aprili 1984

Mwanangu Philomena,

Marahaba. Huku hatujambo. Mgongo wa mama yako ni ule ule, sabuni hakuna, mvua ipo.

Nimecheka kabla ya mwisho, unisamehe. Msanii! Mimi nilijua msanii ni mtu wa ngoma. Kumbe hata kukaa kimya na kusikiliza ni kazi! Basi wewe uliianza zamani. Ulipokuwa na miaka mitano ulikuwa unakaa karibu na ng'ombe mle ndani ya nyumba wanamolala, umefumba macho, unatuambia anayetafuna ni nani. "Huyu mwekundu. Huyu mwenye pembe moja." Mama yako akaogopa akasema mtoto amerogwa. Nilikujaribu mara tatu, hukukosea. Nikasema huyu ana sikio, kisha sikio lenyewe nikalipeleka shule likajifunze hesabu.

Andika hilo la ng'ombe. Wakicheka, waje kwangu.

Baba yako,
Tluway

Basotu
29 Aprili 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia. Natumaini barua hii inawakuta wazima kama inavyoniacha.

Nimeandika ng'ombe wako, na kurasa nne zimejaa zenyewe kwa siku mbili. Asante, mzee wangu! Sasa namtuma Nikolausi, dereva wa lori la shamba, akuletee kaseti. Isikilize kwenye redio ya mwalimu Xavery. Upande wa pili ni kombaini na upepo. Upande wa kwanza ndio roho ya kazi. Ni bibi wa Kibarbaig, mjane wa mzee Gidamis. Mzee alizikwa kwa heshima zao zote, wakamjengea kichuguu kirefu cha udongo, nacho kikaja kuwa katikati ya plot za ngano. Mwaka jana bibi alimwimbia mumewe pale, nami nikarekodi. Mwezi wa pili mwaka huu trekta limepita juu ya kaburi.

Nilimwomba aimbe tena. Akaniuliza, "Nimwimbie nani? Yuko wapi?" Akasema ile iliyo ndani ya sanduku langu niipeleke kwa wakubwa, wasikie kwamba hapa alilala mtu. Nikamwahidi. Sina mashine ya pili ya kutolea nakala, kwa hiyo kaseti hiyo ni yenyewe, hakuna nyingine.

Naogopa kuitoa mkononi. Lakini nitapelekaje kitu kwa wageni kabla wewe hujakibariki? Kibariki, kisha mpe Nikolausi akipita tena.

Binti yako,
Philomena

Masieda
20 Mei 1984

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu, mjukuu wa yule wa zamani, amezaa jike.

Kaseti nimeisikiliza, mama yako akiwa pembeni. Lugha ya yule bibi hatuijui, lakini mama yako alijifuta macho kwa khanga, na mimi nikatoka nje kutazama mahindi. Huyo mama anajua kulia. Sasa naamini una kazi.

Ukaomba baraka. Binti yangu, baraka haiandikwi kwenye karatasi kama risiti, baraka hutamkwa. Xavery alinionyesha kitufe cha kusikiliza, kitufe cha kurudisha nyuma, na kile chekundu cha kusemea, kisha akaenda darasani. Nikarudisha mpaka mwanzo kabisa, upande ule ule wa bibi, kwa sababu baraka hutangulia, haifuati nyuma kama mbwa. Nikasema slufay yote, ile sala yetu ndefu, ya mvua, ya mifugo, ya wewe na safari yako, ya yule bibi pia. Mama yako akawa anaitikia. Nilisema bila kupumzika mpaka kile kitu kikajizima chenyewe.

Sijawahi kusema vizuri hivyo hata harusini. Wakubwa wakifungua, wataanza na baba yako, ndipo wamsikie bibi.

Baba yako,
Tluway

Masieda
22 Julai 1984

Philomena mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Tarehe yao imepita, na hata salamu hakuna. Nikolausi anasema uko kazini, ila huongei na watu. Unaumwa? Wamesemaje kuhusu kaseti? Waliipenda sauti yangu? Kama kuna nyingine tupu, nitumie, ninayo maneno mengi bado.

Baba yako anayengoja,
Tluway

Basotu
9 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Siumwi.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Redio ile, ukisema, inafuta kilichokuwapo. Haisogezi mbele. Ulipomaliza kusema, bibi alikuwa ameisha. Sikupeleka chochote chuoni. Bila yeye, zile kurasa nne ni maneno matupu. Nina hasira na wewe, baba, na naona aibu kuisema, lakini ipo. Na kosa ni langu zaidi. Kaseti ina vijino viwili nyuma. Ukivivunja, hakuna anayeweza kurekodi juu yake. Nani Basotu anajua hilo kuliko mimi? Sikuvivunja, nikidhani huenda nitaongeza kitu.

Wiki iliyopita bibi alikuja stoo na wanawe wawili. Walikuwa wanahama na ng'ombe. Akauliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Wamesikia?" Nikainamia daftari la magunia. Akaomba angalau asikie mwenyewe kabla ya safari. Nikaweka kaseti, sijui kwa nini, nilikosa ujasiri wa kukataa. Akakaa sakafuni akakusikiliza wewe, baba, nusu saa nzima, kwa lugha asiyoijua. Alikuwa anangoja zamu yake.

Kaseti ilipokwisha akauliza, "Huyu nani?" Nikasema, "Baba yangu." "Anasema nini?" Nikasema, "Ananibariki." Akainuka sakafuni. Akasema, "Ni vizuri kuwa na baba." Akaondoka.

Philomena

Masieda
30 Septemba 1984

Mwanangu,

Nimesoma. Mama yako sijamsomea.

Mimi ni mjinga, binti yangu. Nilidhani ni kama daftari, ukiandika mwanzo, ya nyuma yanabaki. Niambie yule mama yuko wapi. Nitamletea yule mtamba wa mwekundu, nimswage mwenyewe kwa miguu, nipige magoti mbele yake niombe radhi. Kwetu jambo kama hili haliachwi hivi hivi.

Nijibu upesi.

Baba yako

Basotu
21 Oktoba 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye.

Mtamba usimlete. Wengine wanasema wameelekea Singida, wengine wanasema wamevuka zaidi. Nimeuliza kila mchungaji anayepita, na Nikolausi ameuliza njiani. Hakuna anayejua.

Nakutumia zile kurasa nne, ukae nazo. Ng'ombe wako wamo kwenye ukurasa wa kwanza. Kaseti ninayo mimi. Vile vijino nimevivunja sasa, sauti yako isije ikafutwa.

Mavuno yamekwisha, lakini magunia ya stoo bado ni mengi. Naendelea kuhesabu.

Ni mimi mwanao,
Philomena